Nilikatazwa kulala saa tatu

Nilikwenda kwa mwanasaikolojia nikitarajia anifundishe kulala. Kazi yake ya kwanza ikawa kunitoa kitandani.

Mimi nauza vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo, na naishi Kimara. Mwaka juzi mzigo wangu ulikwama bandarini huku nikidaiwa, na usingizi ukakatika. Saa nane usiku macho makavu, napiga hesabu za kontena. Baadaye mzigo ukatoka, deni nikalilipa, lakini usingizi haukurudi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana kila aliyekuwa akiniambia "punguza mawazo" sasa namuuliza, mawazo yapi?

Ushauri ulikuja wa kila aina. Shehe alinisomea dua, nikaipokea kwa moyo mmoja, na mpaka leo naisoma. Jirani akasema kuna mtu kanitupia jini. Duka la dawa wakanipa vile vidonge vya njano vya mzio, vikanilaza siku za mwanzo tu, kisha vikaanza kuniacha macho usiku na mzito mchana. Nilipotaja mwanasaikolojia, jamaa yangu wa duka la pili akaangua kicheko: "Bado Mirembe tu!", yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Huyo mwanasaikolojia ni dada mdogo kwangu kiumri. Nilijua ataniuliza habari za utoto wangu. Wapi! Akaanza: "Kaka, unakoroma? Shemeji amewahi kusikia pumzi zako zikikata usingizini? Una kifafa? Unaendesha gari au bodaboda?" Nikamjibu napanda mwendokasi, na kwa ule msongamano hata nikisinzia nimesimama sina pa kuangukia. Akacheka, ila akaandika. Maswali hayo yalikuwa na maana yake. Mtu anayekata pumzi usingizini anatakiwa aonane na daktari kwanza, na tiba aliyokusudia kunipa inaleta kusinzia kwingi wiki za mwanzo, kwa hiyo haimfai mtu anayeshika usukani.

Akanipa kazi ya daftari. Kila asubuhi niandike nimepanda kitandani saa ngapi, nadhani nimelala muda gani, nimeamka saa ngapi. Nikadirie tu, bila kuangalia saa usiku. Saa ya ukutani ikahamia sebuleni, simu ikalala kwenye kabati la vyombo. Hilo peke yake lilinipunguzia mzigo, maana ule mchezo wa "nikilala sasa hivi nitapata masaa matatu, nikilala sasa hivi nitapata mawili" ulikuwa unanimaliza kuliko kukesha kwenyewe.

Tuliporudi kwenye daftari, hesabu ilikuwa hivi: kitandani masaa manane, kuanzia saa tatu usiku, usingizi masaa manne na nusu hivi. Asilimia 56 ya muda wa kitandani.

"Sasa kaka, hayo masaa mengine ulikuwa unafanya nini?"

"Nausubiri usingizi."

"Basi usiusubiri tena."

Akaniambia kitanda changu kimeshageuka ofisi ya bandari, nikikipanda tu akili inafungua mafaili. Kwa hiyo kuamka ni adhana ya Alfajiri, hata Jumapili, na kukigusa kitanda marufuku mpaka saa sita kasoro robo usiku. Kusinzia nyuma ya kaunta hakuna. Nikiona usingizi haujaja kwa kama robo saa, niondoke, nikae sebuleni kwenye mwanga hafifu nifanye jambo lisilo na utamu, nirudi macho yakiwa mazito. Kahawa mwisho adhuhuri, kwa sababu masaa matano baadaye karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Hii iliniuma. Pale kwetu jioni ndiyo muuza kahawa anapita na birika lake, na habari zote za mjini zinasemwa hapo. Siku hizi nabaki na kashata.

Nikamuuliza kama mambo haya kayatunga yeye. Akaniambia ni tiba ya siku nyingi: suala la kuondoka kitandani liliandikwa na Richard Bootzin mwaka 1972, na kubana muda wa kitandani na Arthur Spielman mwaka 1987. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba watu wazima wenye shida hii ya muda mrefu waanze na CBT-I, yaani tiba ya mawazo na tabia ambayo haya ni sehemu yake, kabla ya vidonge.

Jambo lisilo na utamu nililochagua ni kuchambua mchele. Usiku mmoja mama mkwe, aliyekuja kutoka Korogwe kututembelea, akatoka kwenda chooni saa tisa akanikuta nimekaa kwenye jamvi, ungo mapajani, taa ya chaji pembeni, natoa chuya.

"Baba Zuhura, kuna nini? Mmegombana?"

"Hapana mama. Ni dawa hii."

Asubuhi alimkalisha mwanawe chini kwa mazungumzo marefu ambayo sikuambiwa yote. Lakini ule mchele tuliupika, na hakuna aliyetafuna jiwe.

Nisiwadanganye, wiki za mwanzo ni mateso. Ikifika saa tatu usiku shingo haikai, mke wangu ananipigia hadithi nisilale. Ila kidogo kidogo ule usingizi mfupi ukaacha kukatikakatika. Daftari likivuka asilimia 85, naongezewa dakika 15, tunaangalia tena wiki inayofuata. Kwa sasa naruhusiwa kulala saa nne na nusu. Bado kuna usiku unaniharibikia, hasa nikiagiza mzigo, na usiku huo nauchukua ungo bila kugombana na mtu.

Kwa mtakaouliza bei: kikao si cha bei ya chai, lakini vikao vyenyewe havikuwa vingi, na baadhi tulivifanya kwa simu. Ukipata miadi, nenda na mwenzio anayelala pembeni yako. Habari za kukoroma kwako anazo yeye.