Aliniambia niseme kwanza kwa Kiswahili

Wiki sita nzima sikusikiliza jumbe za sauti za mama. Zinaingia kwenye simu, naziona, naziacha. Nikitoka shifti ya usiku nalala na nguo za kazi, naamka jua limeshazama, narudi kazini. Mdogo wangu ndiye aliyenibana: "Dada, mbona siku hizi hupokei simu? Tumekukosea nini?" Hawakunikosea kitu. Baba alikuwa amefariki, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mazishi niliyaangalia kwenye kioo cha simu.

Niliingia kwenye ushauri nasaha wa mtandaoni kwa pupa. Huduma ya kwanza ilinipangia mtu siku hiyohiyo. Alikuwa mpole, ila alinisomea maswali kama karani, na kila nilichosema jibu lilikuwa "pole, nakuelewa". Baada ya vikao vitatu nikaacha, nikaamini tiba ya mazungumzo si ya watu kama mimi. Nilikosea. Ukiona hamwendani na mshauri, omba mwingine. Ni haki yako, na mshauri mwenye ukomavu hanuni.

Nikatafuta anayejua Kiswahili. Nilimpata mmoja, mtaalamu wa miaka mingi, lakini yuko nchi nyingine. Alinieleza waziwazi kwamba hawezi kunichukua, kwa sababu katika nchi nyingi leseni hutazama mteja amekaa wapi wakati wa kikao, hata kama mshauri yuko mbali. Siku ile nililia. Leo namheshimu. Anayekupokea bila hata kukuuliza uko nchi gani, mkimbie.

Aliyenipokea hatimaye ni mama mtu mzima, mwenyeji wa huku. Jina lake nililihakiki kwenye rejista ya bodi inayotoa leseni, kazi ya dakika chache. Kikao cha kwanza, kabla hajauliza kinachonisumbua, alitaka kujua: uko wapi sasa hivi, anwani kamili? Uko peke yako? Mtandao ukikatika nikupigie namba gani? Hali ikiharibika nimtafute nani? Nilidhani nahojiwa na polisi. Akaniambia, "Siwezi kunyanyuka kukushika mkono. Lazima nijue msaada niutume wapi." Tangu hapo, kila kikao anaanza kwa kuuliza nilipo. Akanieleza pia mipaka ya siri: ninayosema yanabaki kwake, isipokuwa uhai ukiwa hatarini au mtoto akiwa anaumizwa.

Kisha dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 27, zikipanda hali ni nzito zaidi. Nilipata 17. Swali la mwisho linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Nilitamani kudanganya, nikajibu kweli: siku kadhaa. Hakushtuka wala hakuharakisha. Tulibaki hapo hadi muda ukaisha, tukaandika pamoja dalili za kuniashiria kwamba nazama na watu wa kuwapigia, wa kwanza mdogo wangu. Nikizidiwa, aliniambia, nisingoje kikao, nipige namba ya dharura, maana kioo hakitoshi kwa saa kama hiyo.

Nyumba ninayoishi kuta zake nyembamba, na wenzangu wanasikia kila kitu. Kwa hiyo vikao vyangu vinafanyika ndani ya gari, visikilizi masikioni, simu imeegemea usukani. Tulikubaliana mtandao ukikwama ninyanyue mkono, asije akadhani nimenyamaza kwa uchungu, au nikinyamaza kweli akadhani ni mtandao.

Nadhani kilikuwa kikao cha nne. Lugha ya huku naimudu vizuri, ya kazini na ya ofisini, na habari za baba nilikuwa nazieleza kwa lugha hiyohiyo. Akanisimamisha. "Unanisimulia kifo cha baba yako kama unanisomea ratiba. Hebu sema kwanza kwa lugha yako. Sitaelewa, usijali."

Nilikaa kimya muda mrefu, naye akanyamaza nami. Halafu yakatoka: baba nisamehe, sikuja, uliniita sikuja, wamekuzika sikuja. Sijui nililia kiasi gani. Nilipotulia hakuniomba tafsiri yote. Aliuliza kitu kimoja: "Kuna neno umelirudia mara tatu. Lina maana gani?"

Mtu asiyejua hata salamu ya Kiswahili alisikia nilipoumia.

Kazi ya wiki zilizofuata ilijengwa juu ya neno hilo. Katika daftari niliandika wazo, "nilimtelekeza baba," halafu ushahidi wa kuliunga mkono na wa kulipinga: simu za kila jioni, gharama za matibabu nilizolipa, barua ya wakili iliyonikataza kuvuka mpaka. Msiba haukuondoka, na hakuwahi kuniahidi kwamba utaondoka. Ila kosa ambalo sikulitenda liliacha kunikaba koo.

Mwezi huu alama zangu ni 6, na tunaonana kila baada ya wiki 2. Jana nilikaa garini bila miadi, nikazifungua jumbe za mama kwa mpangilio. Ya kwanza ilikuwa fupi. Alikohoa, akanyamaza, akasema, "Nilitaka kukusikia tu, mwanangu."

Nikampigia palepale.