Siku moja maishani mwangu: fundi marumaru, jiko la mama na baraza ya Kigamboni

Saa 10:30 alfajiri

Naamka Buguruni, naoga, naswali, nakunywa chai ya rangi na kiporo cha wali. Begi nimelipanga tangu jana usiku: mwiko, nyundo ya mpira, uzi, timazi, tepu, diski mbili mpya za grainda. Pima maji, kile kifaa cha kiputo kinachoonyesha kama kitu kimekaa sawa, haiingii begini. Naibeba mkononi, nimeizungushia kipande cha kanga, maana ikigongwa ikapotoka, kila utakachojenga nayo kuanzia hapo kimepotoka na hutajua. Hii yangu ina mwaka wa 6. Kila Jumatatu naijaribu: naiweka mezani, naangalia kiputo kimekaa wapi, naigeuza upande wa kushoto uende kulia, naangalia tena. Kiputo kikirudi palepale, tunaaminiana wiki nyingine.

Naandika siku hii moja kwa sababu wengi wanadhani fundi marumaru ni mtu wa kubandika tu. Mwenye nyumba anaona kinachong'aa juu. Kazi yangu kubwa iko chini ya hapo, na ikienda vizuri hakuna atakayeiona tena.

Saa 12 asubuhi

Kivukoni. Foleni ya pantoni, upepo wa bahari, wauza kahawa wanagonga vikombe. Mizigo mizito inazunguka Daraja la Nyerere kule Kurasini, lakini fundi na begi lake anavuka hapa. Saidia fundi wangu ananisubiri ng'ambo, kijana wa miaka 22, mkimya, mwenye jicho zuri. Nikisema "nipe ya milimita 3" hanipi ya 2.

Saa 1

Tuko saiti. Ni nyumba ya mama mmoja mjane, umri umekwenda, amezaa sita, na mmoja wao yuko Houston, Marekani. Huyo ndiye anayelipa. Kazi ni mbili: kulifumua jiko la ndani na kuijenga upya baraza ya nyuma, ile inayotazama ua na mwembe. Tuko wiki ya tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelalaje? Umekunywa chai?"

Kila siku ananiuliza kuhusu chai, na kila siku namwambia nimekunywa, na kila siku analeta.

Jiko lenyewe nililikuta jembamba, dirisha dogo kama la choo, dari limekuwa jeusi kwa moshi wa mkaa wa miaka. Tumepanua dirisha, tumefungua tundu la hewa chini kabisa karibu na sakafu, na mtungi wa gesi tumeujengea kibanda chake nje, bomba linaingia ukutani. Wengi hawajui kwa nini tundu liwe chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatuama sakafuni kama maji ikisubiri cheche. Siku hizi kazi za namna hii ni nyingi, maana watu wanahama kutoka kwenye mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ule wa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mtungi unanunuliwa siku moja. Jiko la kuupokea ndilo linalotuita sisi.

Michoro niliyotumiwa kwenye simu ilitaka meza ya jiko iwe na kimo cha sentimita 90, na makabati ya mbao za kugandishwa kwa gundi, meupe. Kimo kwanza. Nilimwomba mama asimame wima, viatu amevua, akunje mkono kama anayekata kitunguu. Kiwiko kilikuwa sentimita 94 kutoka sakafuni. Mtu wa kiwiko hicho ukimpa meza ya 90 atapika mabega yamepanda masikioni, na jioni atasema mgongo unauma kwa uzee. Nilishuka sentimita 12 chini ya kiwiko. Meza yake iko 82. Mwanawe alilalamika kwamba haifanani na picha. Mama aliiwekea kibao, akakata mchicha wa kufikirika kwa kisu kisichokuwepo, akasema, "Hapa hapa."

Na mbao za kugandishwa Kigamboni, nyumba iko hatua chache kutoka baharini? Unyevu unaziingia, zinavimba kama mkate kwenye chai, bawaba zinaliwa na kutu. Tumejenga kuta fupi za tofali, juu tumemwaga zege lenye nondo, milango ya kabati itakuwa mninga. Hili litamzika fundi wake.

Saa 2 hadi saa 4

Kubandika. Ndani, ukuta wa nyuma ya sinki, marumaru za 30 kwa 60. Masaa mawili mazuri, hayana hadithi.

Saa 4 na kitu

Hapa ndipo siku ilipokwama.

Kuna kijana wa nyumbani, mjukuu wa mama, yuko likizo. Wakati tuko ndani, alichukua pima maji yangu (kuichukua tu bila kuniuliza tayari ni jambo) akaenda kuilaza barazani, kwenye jamvi, yaani zege la sakafu tulilomwaga, na safu mbili za marumaru tulizokwisha kubandika jana. Kiputo hakikukaa katikati. Akapiga picha, akaituma Houston. Huko ni saa 8 usiku. Mwenye fedha anafanya kazi za usiku, alikuwa mapumziko.

Simu ya mama ikaita. Picha ya video.

"Fundi, habari za kazi."

"Nzuri kaka. Za huko?"

"Fundi, hiyo sakafu imelala."

"Imelala kweli kaka. Nimeilaza mimi."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe alikuwa anavuta pumzi.

"Mimi nalipa pesa nzuri, unanijengea sakafu imepinda?"

Nikamweleza. Baraza ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 2 na sentimita 40, na ni ya nje. Mvua ya masika ikipigwa na upepo wa bahari inaingia mpaka ukutani. Sakafu ya nje lazima iwe na mteremko, sisi tunaita slopu, utoke ukutani kwenda uani, ili maji yaondoke. Nimeweka sentimita moja na nusu kwa kila mita, yaani ukingo wa nje uko chini kwa sentimita 3 na nusu hivi. Ukikaa kwenye kiti huisikii. Ukimwaga maji, yenyewe yanaijua. Ningeisawazisha kama meza, maji yangetuama, yangeingia kwenye maungio, yangepanda ukutani na chumvi yake, na mwaka kesho lipu ya sebuleni ingeanza kutoka maua meupe na kubanduka.

Akasema ameona video za watu wanabandika nje, pima maji imekaa sawa kabisa. Nikamwambia huenda walikuwa wanapima kwa urefu. Kwa urefu hata hii yangu iko sawa. Nikailaza kwa urefu, nikamsogezea simu. Kiputo katikati. Akasema, "Sasa mbona upande ule haiko sawa?" Tukarudi mwanzo.

Mtandao ukakata. Akapiga tena. Akaomba nimwonyeshe ukuta, mwembe, ndoo, mifuko ya saruji, akahesabu mifuko. Akauliza mbona marumaru za barazani si zile za kung'aa alizochagua. Nikamkumbusha kwamba wiki iliyopita tulikubaliana zirudishwe dukani tuchukue za kukwaruza, kwa sababu za kung'aa zikilowa ni kama sabuni, na anayekaa hapa ni mama yake. Akakumbuka, kisha akasema hakumaanisha zote. Akarudi kwenye ombi lake la zamani, sakafu ya mbao na majani ya plastiki barazani. Nikamwambia tena habari ya mchwa. Mtandao ukakata. Akapiga tena. Sasa sauti imepanda: vunja, anza upya, la sivyo malipo ya wiki hii hayatoki.

Mimi nimesimama juani, simu mkononi, mkono umekufa ganzi. Saidia fundi amesimama na karai mbili za udongo tuliokwisha koroga. Udongo wa saruji hausubiri mazungumzo. Ukipita saa moja na kitu kwenye jua la Dar unaanza kushika, na ukiuongezea maji ulainike tena, unabandika kitu kitakachobanduka. Namwona kijana anaukandakanda kwa mwiko, ananitazama, anautazama. Ule udongo ulikuwa fedha yangu, maana kazi hii nimechukua pamoja na vifaa vya kubandikia.

Nikasema, "Kaka, usikate. Nakuomba dakika mbili."

Nikampa mjukuu simu aishike, hiyo ndiyo iwe kazi yake. Nikachota maji ndoo nzima kwenye simtanki, nikasimama mgongo ukutani, nikayamwaga polepole miguuni pangu. Maji yalikaa kidogo pale kwenye kona, kama yanafikiri, kisha yakaanza kutembea. Yalipita juu ya safu ya kwanza, yakaingia ya pili, yakavuka jamvi yakiwa yametandaza mbele kama mkono wa mtu anayefuta meza, yakafika ukingoni yakadondokea kwenye mchanga. Nilipoinama kugusa ukutani hapakuwa na dimbwi. Palikuwa na unyevu tu, nao jua lilikuwa linaukausha tukitazama.

Houston kimya.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni muda wote, anachambua mchele, hajasema neno. Akanyoosha mkono akapewa simu. "Mwanangu, maji yamekwenda zake. Mwache fundi naye aende na kazi yake. Na wewe ukalale."

Saa ilikuwa 5 na nusu. Karai zote mbili tukazimwaga.

Mchana

Mama ntilie wa mtaa wa pili: wali, maharage, dagaa, pilipili. Sikula vizuri. Hasira ikitulia ndipo uchovu unapoingia, na magoti ya fundi marumaru yana kumbukumbu. Nina miaka 41. Nikichuchumaa nasikia yanavyolalamika. Saidia fundi ananiambia kwa upole, "Fundi, mimi nilijua tu yatatembea." Nilimlipa neno hilo kwa soda.

Tukarudi barazani. Kile ninachokipenda zaidi kwenye kazi hii kiko hapa: benchi la kujengea. Mwanawe alitaka seti ya viti vya kusukwa kwa plastiki na meza ya kioo. Nikamwambia pwani hii ina jawabu lake la zamani. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja, nenda Lamu, utaona mabenchi ya mawe yameshikana na kuta za nje za nyumba. Mgeni anakaa, anapewa kahawa, mazungumzo yanaisha na ndani ya nyumba hajaingia. Hilo benchi lenyewe linaitwa baraza. La mama limeegemea ukuta, kimo sentimita 45, upana 50, limepigwa saruji nyekundu, kona zake nimezizungusha zisimchome mtoto. Halitaibwa, halitapeperuka, halitaota kutu. Akija mgeni wa kupita atakaa hapo, na mama ataendelea kuchambua mchele wake.

Kisha mvua

Sijui ilikuwa saa 9 au na robo. Wingu lilitoka baharini likiwa zito, na sisi tulikuwa tumetoka kubandika safu ya nne, udongo bado mbichi. Kukimbia, turubai, matofali ya kukandamiza, upepo unainua upande huu unakandamiza ule. Kijana akalala juu ya kona moja ya turubai kwa mwili wake. Mimi nikashika nyingine. Tulikaa hivyo mpaka ikapungua, tumelowa mpaka ndani, maji ya juu ya zile safu za jana yanapita pembeni yetu kwenda uani. Tulipofunua, marumaru tatu za ukingoni zilikuwa zimeoshwa udongo chini. Nikazigonga kwa mpini wa mwiko, moja moja. Iliyoshika inalia kwa sauti nzito. Ya wazi ndani inalia kama chungu kitupu. Tatu hizo zilikuwa tupu. Tukazing'oa, tukasafisha, tukarudishia. Hakuna atakayezitofautisha na wenzake, lakini mimi nitajua kwamba ziko sawa.

Jioni

Ujumbe wa fedha uliingia simuni. Nusu. Nyingine, ameandika, akiona baraza imeisha. Nikatoa elfu 20 ya saidia fundi kwanza, yeye hana ugomvi na Houston. Mjukuu akaniletea pima maji aliyoifuta mwenyewe, imerudishwa ndani ya kanga yake. Akasema, "Samahani, fundi." Nikamwonyesha namna ya kuijaribu kwa kuigeuza.

Nilikuwa nafunga begi mama aliponiita jikoni. Kule kwenye kona ya mlango wa nyuma nimemwachia nafasi ya sakafu, sentimita 80 kwa 80, yenye tundu lake la kutolea maji. Hakuna kwenye mchoro. Mama ndiye aliyeniuliza siku ya kwanza, baada ya kuangalia picha zote: "Nazi nitakunia wapi?" Meza zote zile ndefu, na nazi inakunwa kwa kukaa.

Leo alikuwa amekuja na mbuzi yake, ile ya mbao yenye ulimi wa chuma uliochakaa. Akaikunjua, akaiweka kwenye kona, akakaa, akatanguliza sinia, akazungusha mikono hewani kama ameshika kifuu. Kiwiko cha kulia kikagusa ukuta.

"Mwanangu, huku niongezee shubiri moja."

Nikatoa penseli nyuma ya sikio, nikaweka alama.