Herufi moja

Siku ya tatu leo silali vizuri kwa sababu ya herufi T.

Ile habari ya dada na kazi yangu ya kwanza mnaijua, nimeisimulia hadi imechakaa. Nilimwandikia kwamba naacha kazi, naye akajibu: "Utajuta tu, mdogo wangu." Miaka tisa nimemwekea kinyongo kwa maneno hayo. Kila jambo langu liliponyooka, nilimjibu kimoyomoyo: haya, nimejuta?

Basi Jumanne, katika pilikapilika za kuhama (ndiyo, tumehama, na kazini wamepunguza watu, mimi nimebaki), nikawasha simu ya zamani kutafuta picha za Baba. Nikaukuta ujumbe wenyewe.

"Utajua tu, mdogo wangu. Anza."

Utajua. T ya pili hakuna. Nimeusoma labda mara arobaini. Kusoma vibaya naweza kujisamehe, ila hilo "Anza" lilikwenda wapi? Halikubaki kichwani hata kidogo.

Mwaka 1981 William Brewer na James Treyens, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliwaacha wanafunzi wasubiri ofisini kwa sekunde 35, kisha wakawauliza mle ndani waliona nini. Karibu theluthi yao walitaja vitabu. Vitabu havikuwamo. Lakini ofisi ya msomi itakosaje vitabu? Akili ikawapangia. Nami niliufungua ujumbe ule nikisubiri karipio, nikaondoka nalo.

Jana usiku nikampigia.

"Dada, uliwahi kuniambia nitajuta?"

"Mimi? Nilikwambia anza! Nawe ukanijibu, 'Asante dada, umenipa nguvu.' Nililia siku ile, wewe."

Huku anaongea, nikaitazama simu. Jibu langu lilikuwa "Sawa." Basi. Na nukta nimeweka.

Nikashikwa na kicheko, ikabidi nisingizie mtandao unasumbua. Na yeye alikuwa anangoja kitu, akakipata. Sikumwambia. Asante ile amekaa nayo miaka yote, na kwa kweli alistahili kuipata, nikamnyang'anye leo kwa ajili ya nini? Tumeongea saa nzima, kitu ambacho hatujafanya tangu msiba.

Mtoto wetu mdogo amekohoa tena usiku kucha. Dawa yake imo katika boksi mojawapo kati ya haya yote, na ningeapa kwamba niliandika "DAWA" juu yake.