Daktari wa punda

Lamu, Ijumaa, 20 Juni 2025, usiku

Kusi limekaza. Mashua za Mokowe zilikuwa zikipanda na kushuka leo, na abiria walioteremka jetini jioni walikuwa wamelowa mpaka kifuani. Mimi sikuwa na safari. Tangu kumalizika kwa Magharibi nilikuwa uwanja wa Mkunguni, nimeegemea ukuta wa ngome, kikombe cha kahawa chungu mkononi, nikiwasikiliza wazee wakiijadili habari iliyotoka London.

Wabunge wa Uingereza wamepiga kura leo. 314 wamekubali, 291 wamekataa. Muswada ni wa mbunge mmoja mwanamke, Kim Leadbeater, nao unasema mtu mzima mwenye ugonjwa usiopona, ambaye hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita, aruhusiwe kusaidiwa kufa akitaka mwenyewe. Ni kwa England na Wales tu, na bado una safari ya kupita kwa Malodi, baraza la juu la Bunge lao. Lakini barazani hakuna aliyejali safari ya muswada. Mmoja alisema hiyo ni dalili ya Kiyama. Mwingine akasema wazungu wamechoka na wazee wao. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake kama kawaida, akasubiri wamalize ili amimine.

Kisha mzee mmoja mchukuzi, mwenye punda wake watatu, akasema taratibu, "Punda akivunjika mguu tunampeleka kliniki, anapigwa sindano, tunasema maskini kapumzika. Binadamu tunamwacha agaregare."

Hakuna aliyemjibu. Nikaweka kikombe, nikasingizia nyumbani kuna mgeni, nikaondoka. Maneno hayo nilishayasikia, tena ndani ya nyumba yetu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akigaregara.

Ami, ndugu yake baba, alikuwa na punda saba. Ndio waliotusomesha sote. Walibeba mchanga, matofali na saruji kutoka jetini mpaka ndani kabisa ya mitaa ya Langoni na Mkomani, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani bila mmoja kurudi nyuma. Nikiwa na miaka kumi na mitano, jike lake la rangi ya majivu liliteleza mtaroni likavunjika mguu wa mbele. Tukaliburura, sisi na watoto wa mtaa, mpaka kliniki ya punda iliyoko hapa tangu 1987. Daktari akautazama mguu, akamwambia Ami haushiki. Ami akamshika masikio yule mnyama mpaka mwisho. Aliporudi nyumbani hakula. Usiku mkewe alimuuliza kama ni hasara ndiyo inayomsumbua, akajibu, "Hakuulizwa. Niliulizwa mimi."

Mwaka juzi kiuno kilianza kumuuma. Tukampa mafuta ya kuchua, tukamwambia ni baridi yabisi. Kikazidi, tukampeleka Mombasa. Huko daktari alituita mimi, dada yangu na mtoto wa kwanza wa Ami, akatuambia kwenye ujia wa hospitali, watu wakipita na machela: ni saratani ya tezi dume na imeshafika mifupani. Tukatoka nje tukakaa chini ya mwarobaini, tukapiga kura yetu. Tusimwambie, atavunjika moyo. Kura tatu kwa sifuri. Mwenye mwili alikuwa ndani, amekalia benchi, akimsimulia askari wa mlangoni jinsi ya kumjua punda mvivu kwa masikio yake.

Nimeikumbuka kura ile leo niliposikia hesabu ya London. Wale 605 walibishana miezi kadhaa juu ya hiari ya mgonjwa. Sisi tulimaliza kwa muda wa kunywa soda moja.

Tukarudi naye Lamu kwa basi, Malindi, Garsen, Witu, kila tuta likimtoa kilio alichokibana kwa meno. Basi la siku nzima, kisha mashua. Mtu haambiwi ana baridi yabisi akasafirishwa vile, naye hakuwa mjinga. Lakini alinyamaza, nasi tukaona ukimya wake ni dalili kwamba uongo umekaa vizuri.

Usiku ndio ulikuwa mbaya. Panadoli zilikuwa kama pipi kwake. Tulitafuta sindano za maumivu, zikamtuliza kwa saa mbili tatu, kisha yakarudi. Alfajiri moja, adhana ya kwanza bado, nilikuwa nikimgeuza ubavu, akaniambia, "Mwanangu, nipelekeni kwa daktari wa punda."

Nilicheka. Ami alikuwa mtu wa mizaha, na mwili wangu ulicheka kabla sijaelewa. Kisha nikamwona uso.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa chuo cha Qurani siku hiyohiyo, nikamweleza. Hakushtuka. Alinikumbusha hadithi ya Mtume inayokataza mtu kutamani mauti kwa dhara lililompata, na kwamba ikiwa hapana budi aseme: Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni bila kuiona. Siku ile niliona kwamba imesemwa kwa mtu aliyefika pale Ami alipofika. Imemkataza, kisha imempa la kusema. Mwalimu akaniuliza, "Na maumivu mmeyafanyia nini?" Nikakosa jibu.

Dawa ilipatikana Mombasa, kwa muuguzi anayejuana na dada: mofini ya maji, kwenye chupa ya plastiki kama ya dawa ya kikohozi. Ilihitaji karatasi ya daktari, na karatasi ilihitaji mtu wa kuifuatilia, na chupa ilihitaji mtu wa kuaminika ndani ya basi. Dawa yenyewe ni ya miaka mingi na wala si ya gharama kubwa. Unga unachanganywa na maji, basi. Ni chungu, tulimpa na asali. Kila baada ya saa nne, kwa saa, si kwa kungoja alie. Siku ya tatu aliamka akaomba mkate wa mofa na maji ya baridi ya mtungini. Neno la daktari wa punda halikurudi tena.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri ya kumwambia mzee wa Mkunguni: mpe mtu dawa ya maumivu, hatataka kufa. Watu wengi wanaoupinga uamuzi wa London wanasema hivyo, na mimi nililisema hilo mwaka mzima. Lakini Oregon, kule Marekani, wana sheria kama hiyo tangu 1997, na kila mwaka wanaandika sababu zinazotajwa na wanaoomba. Maumivu hayako juu. Juu kabisa kuna kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yaliyoyapa maisha ladha, na kuvunjiwa heshima. Tena karibu theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa ya kufia hawainywi. Wanakufa nayo kabatini. Nilifikiri sana juu ya hao. Nadhani walichotaka ni kujua mlango uko wapi.

Maana Ami, maumivu yalipotulia, alifumbua macho siku moja akatukuta watatu tukinong'ona, tukanyamaza ghafla. Akasema, "Yale ya mifupa nilikuwa nayaweza. Haya ya nyinyi kunyamaza kila nikifumbua macho, siyawezi. Niambieni ninakufa na nini."

Dada akatoka nje. Nikamwambia mimi. Akauliza ni muda gani, nikamwambia daktari alisema wiki, si miezi. Akahesabu kwa vidole, sijui akihesabu nini, kisha akasema, "Mmeniibia wiki sita."

Zilibaki siku kumi na moja. Alizifanyia kazi kama kibarua. Alimwita mwenye duka la saruji, wakapatana deni. Punda aliwagawa mwenyewe, akataja nani hafai kupewa dume jeusi kwa sababu ana mkono mzito. Ndugu yake aliye Faza, ambaye hawakusemezana miaka kumi na tisa kwa ajili ya shamba la minazi, aliletwa kwa boti siku ya tisa. Sijui walisemezana nini, mlango ulifungwa. Dada alipotaka arudishwe Mombasa kwa matibabu mengine, akakataa. Dada akalia kwamba huko ni kujiua. Mwalimu ndiye aliyemtuliza, kwa kisa cha yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume amwombee. Akapewa hiari: asubiri, malipo yake Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Ila akaomba jambo moja, asiwe anafunuka nguo anapoanguka, naye Mtume akamwombea hilo.

Ami alikisikia kutoka kitandani. Akasema, "Na mimi hilohilo." Tangu hapo wakwe zake hawakumuogesha. Nilimuogesha mimi na mwanawe, shuka imetandazwa.

Sheria ya Kenya iko wazi. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga maisha anayemsaidia mtu kujiua. Januari mwaka huu Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangua kifungu kinachofuata, cha 226, kilichomhukumu aliyejaribu kujiua, akisema kinakwenda kinyume na Katiba. Nilifurahi. Mtu aliyefika hapo anahitaji daktari na jamaa, si pingu. Lakini 225 sitaki iguswe, angalau si kwa hali tuliyonayo. Nakumbuka ule mwarobaini. Familia iliyoweza kuamua pasipo mgonjwa aambiwe nini, ingeweza pia kumfanya aombe kufa bila hata mmoja wetu kufungua mdomo. Ingetosha kuhesabu nauli za Mombasa kwa sauti mbele yake.

Hata hivyo sina ubavu wa kumhukumu Robin Stransham-Ford, yule wakili wa Afrika Kusini aliyekuwa na saratani hiihii ya tezi dume. Mwaka 2015 alikwenda mahakamani Pretoria kuomba daktari amsaidie kufa. Jaji akakubali, kumbe mwombaji mwenyewe alikuwa ameshafariki saa chache kabla. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi. Huwa naiwazia asubuhi ile: mawakili wamevaa, karatasi ziko tayari, na mtu ameshaondoka zake. Yeye alikuwa na dawa, elimu na pesa. Aliyoyaomba hayakuwa ya mtu aliyekosa chupa ya mofini, na sina la kumjibu.

Ami alikufa Jumatatu baada ya Alasiri, Yasini ikisomwa, mdomo wake umelowanishwa kwa pamba. Chupa ilikuwa na dawa ya siku mbili zaidi.

Nimemsomea mke wangu yote haya kabla ya kuyaweka hapa. Akaniuliza, "Na wewe ukiugua, nikwambie?" Nikajibu bila kufikiri kwamba ndiyo, tena siku hiyohiyo. Akazima taa. Nje upepo ulikuwa unagonga madirisha. Baada ya kitambo nikamwambia, siku ile ya kwanza usiniambie. Niambie kesho yake.