Jinsi nilivyoibaini betri iliyochoka kati ya betri sita za bagi ya hoteli

Hoteli ninayoifanyia kazi ya ufundi umeme iko pwani ya mashariki ya Unguja, na wageni pamoja na mizigo yao huchukuliwa kutoka mapokezi hadi vyumba vya ufukweni kwa magari madogo ya umeme, yale yaliyobuniwa kwa ajili ya viwanja vya gofu, ambayo sisi tunayaita bagi. Bagi moja ilianza kuishiwa nguvu kila ilipofika alasiri. Dereva wake aliniambia, "Fundi, asubuhi inakwenda vizuri tu, lakini ikishafika saa tisa ule mwinuko wa dobi haiupandi tena." Fundi aliyeitwa kabla yangu alikuwa ameshaandika makadirio ya kubadilisha mota. Mimi sikuridhika na makadirio yale, kwa sababu gari linaloamka na nguvu zake zote na kuzipoteza kadiri saa zinavyokwenda linaelekeza macho kwenye akiba ya umeme kabla ya kitu kingine chochote.

Bagi hiyo hutumia volti 48, zinazotoka kwenye betri sita za asidi na risasi zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila betri ina volti 8, yaani seli nne (vyumba vya ndani vya betri, kila kimoja kikitoa volti kama 2), na hivyo jumla ni seli 24. Niliichaji usiku kucha, nikachomoa chaja asubuhi, kisha nikaiacha ipumzike hadi jioni, kwa kuwa betri iliyotoka kwenye chaja muda si mrefu huonyesha volti za juujuu ambazo hazina nguvu nyuma yake. Mita ilisoma volti 50.6 kwa betri zote sita, wakati seti iliyojaa inatakiwa kukaribia 50.9. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema betri ni nzima. Nilipopima betri moja moja, tano zilikuwa karibu na 8.46 na ya nne ilikuwa 8.35. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini ilitosha kunionyesha pa kuanzia.

Kabla ya kuilaumu betri nilikagua vichwa vyake na kebo. Hewa ya chumvi ya pwani hula shaba haraka, na kiungo chenye kutu ya kijani huzuia umeme kama betri iliyokufa inavyozuia. Nilivisafisha vichwa vyote kwa brashi ya waya na maji yenye magadi, huku nimevaa glavu na miwani, nikakaza nati, nikapima upya. Hali ya betri ya nne haikubadilika.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni kile cha kupima betri inapofanya kazi. Tulipakia mizigo, dereva akakanyaga mafuta, kama tunavyosema hata kwa gari lisilo na mafuta, akaanza kuupanda mwinuko wa dobi, nami nikiwa nimeketi nyuma, kiti kimeinuliwa, nimebana ncha za mita kwenye betri moja baada ya nyingine kwa kila safari. Betri nzima zilishuka hadi kama 7.7 na kubaki hapo. Ya nne ilishuka moja kwa moja hadi chini ya 6, na dereva alipoondoa mguu ikarudi juu ya 8 kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba volti za betri iliyopumzika pekee hazitoshi kutoa hukumu: seli iliyochoka inaweza kuonyesha volti zinazokaribia za wenzake pasipo kuwa na uwezo wa kutoa ampea.

Nilitaka kujua ni seli ipi, kwa hiyo nilichukua haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji: seli yenye chaji husoma juu, iliyopungukiwa husoma chini. Ni muhimu kutoongeza maji kabla ya kupima, kwa kuwa maji mapya hukaa juu bila kuchanganyika na asidi na kuharibu kipimo. Nilinyonya na kurudisha asidi mara kadhaa katika kila seli, nikashika haidromita wima hadi boya lake la ndani likaelea bila kugusa kioo, nikasoma macho yakiwa usawa wa asidi. Karibu seli zote zilikuwa kati ya 1.265 na 1.275. Seli ya tatu ya betri ya nne ilisoma 1.160. Mafundi wa betri hizi huchukulia tofauti ya 0.050 baina ya seli kuwa dalili ya seli mbovu. Hapa tofauti ilipita mara mbili ya hapo. Nilipomulika tochi ndani niliona mabamba yake yana utando wa kijivu cheupe, ambao ni salfeti ya risasi iliyokuwa ngumu. Bagi ilikuwa imeachwa bila kuchajiwa wakati hoteli ilipofungwa kwa ajili ya masika, na betri inayokaa muda mrefu bila chaji hufikia hali hiyo.

Niliipa nafasi ya mwisho. Nilifungua madirisha ya banda, nikakataza moto wowote karibu kwa sababu ya gesi ya haidrojeni, nikachaji kwa muda wa ziada huku nikipima asidi kila saa. Seli ile ilipanda kidogo, ikasimama, na haikuendelea tena.

Meneja alitaka tununue betri moja tu. Nilimwonyesha alama za tarehe zilizopigwa kwenye betri, zikionyesha kwamba seti nzima ilikuwa katika mwaka wake wa tano, ilhali betri za aina hii zikitunzwa vizuri hudumu takriban miaka minne hadi sita. Betri mpya ikiwekwa kati ya wazee watano huchajiwa na kutolewa umeme kwa kipimo kisichoifaa, na huzeeka upesi. Alikubali tubadilishe zote sita, na zile kuukuu zikachukuliwa na muuzaji anayekusanya risasi. Nimeziandika namba mpya kwa rangi, na kila mwezi hupima seli zote 24 na kuandika daftarini. Kwa wiki za mwanzo nimewaomba madereva wasizitumie hadi ziishe, kwa sababu betri mpya huhitaji kuchajiwa na kutumika mara nyingi kabla ya kufikia uwezo wake kamili.