Miguu ya Yusufu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii dada mmoja katika Bwana amenipigia simu kuhusu mwanawe. Kijana anachezea timu ya vijana ya klabu moja, goti limemharibikia, na daktari amemwambia akae nje msimu mzima. Goti mama ameshalikubali. Kilichomliza ni maneno ya wapendwa: kwamba huenda kuna mlango kijana amemfungulia shetani, kwamba upako ukiondoka hata mwili hujua. Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo ninapoandika.

Mnaofuatilia mpira mnamkumbuka Ansu Fati. Mtoto wa Guinea-Bissau, familia ikahamia Hispania angali mdogo, akalelewa La Masia, akademia ya Barcelona. Agosti 2019 akaingizwa kwa mara ya kwanza kwenye ligi, dhidi ya Real Betis, akiwa na miaka 16. Desemba mwaka huohuo, ugenini Milan, akatoka benchi dakika za mwisho akaifunga Inter. Alikuwa na miaka 17 na siku 40, na hapakuwa na mchezaji mdogo kama yeye aliyewahi kufunga Ligi ya Mabingwa. Mwaka uliofuata akaifungia timu ya taifa ya Hispania. Magazeti yakaishiwa sifa.

Kisha Novemba 7, 2020, uwanja uleule wa Camp Nou, wapinzani walewale Betis, goti la kushoto. Alikuwa ametimiza miaka 18 wiki moja tu nyuma. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, akakaa nje zaidi ya miezi kumi. Na akiwa bado hajarudi uwanjani, Messi akaondoka, na jezi namba 10 akapewa yeye.

Jamani, hebu tulitazame jambo hilo. Kijana wa miaka 18, goti limetoka kushonwa, anavalishwa namba ya Messi. Septemba 26, 2021 aliingia dhidi ya Levante mechi ikielekea ukingoni, na katika dakika za nyongeza akachukua mpira, akaukimbiza, akapiga kutoka nje ya boksi, wavuni. Uwanja ulilipuka. Watu wakasema, huyo amerudi! Novemba, misuli ya paja. Januari 2022, dhidi ya Athletic Bilbao, paja tena, akatoka akilia. Baadaye akapelekwa kwa mkopo Brighton, na mwaka 2025 akaenda Monaco, ambako alifunga katika mechi zake za mwanzo. Ile namba 10 amepewa Lamine Yamal, kijana mwingine wa Barcelona, naye akiwa na miaka 18. (Habari za imani ya Fati sizigusi, hizo ni zake na Mungu wake.)

Sasa fungueni Mwanzo 37. Yusufu anaanza na miaka 17. Ndoto anayo, kanzu anayo, na kwa baba yake nyota imewaka. Tukiisimulia habari yake tunakimbia: shimo, Potifa, gereza, ikulu, haleluya. Lakini Zaburi ya 105 inasimama mahali ambapo sisi hatusimami. Inasema, "Walimwumiza miguu yake kwa pingu." Miguu! Mwanzo haukututajia miguu yake. Mtunga zaburi ameitazama akaona ilivyochubuka, na Roho Mtakatifu akaona inafaa iandikwe. Halafu mstari wa 19 unasema kwamba hata wakati wa kuwadia neno lake, ahadi ya Bwana ilimjaribu. Haijasema ahadi ilimwacha. Ahadi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimjaribu! Ndoto aliyopewa na Mungu ndiyo iliyolifanya gereza kuwa chungu, kwa sababu mtu asiye na ndoto hufungwa akazoea.

Wewe uliye nje ya uwanja wiki hii, iwe kwa ugonjwa, kwa kazi iliyokatika, kwa huduma iliyosimama, nakuomba ulisome hilo polepole. Maumivu yako hayathibitishi kwamba uliitwa kwa makosa. Yusufu alikuwa amefungwa pingu na Bwana alikuwa pamoja naye, yote mawili siku ileile, katika gereza lilelile. Mnyweshaji wa Farao, aliyefungwa naye, alitoka akamsahau, ikapita miaka 2 mizima, na hakuna mahali Biblia inasema Mungu alipunguza hata chembe ya aliloliahidi. Akatoka akiwa na miaka 30. Shikilia hapo, mpendwa. Lia ukitaka, maana hata Yusufu alimwambia mnyweshaji waziwazi kwamba hakufanya lolote la kumtia gerezani. Kulia si kukosa imani.

Na sisi wengine tusikilizane kidogo, maana nina neno.

Tunapenda kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. (Nisameheni kuleta tembo kwenye tafakari.) Mbona hatuwaulizi wasifuji? Binti akiimba vizuri Jumapili moja, mwezi haujaisha ameshapangwa kuongoza sifa, mikesha, semina na mkutano wa injili. Kijana akihubiri mara mbili tunamwita nabii. Sauli alimvika Daudi chapeo na deraya yake, na Daudi akapata ujasiri wa kuzivua, lakini ni vijana wangapi wana ujasiri wa kumvulia mfalme deraya mbele ya watu? Tunawavika, wanavumilia, wanavunjika. Wakishavunjika, sisi tuliowavika ndio tunaouliza upako umekwenda wapi. Hilo ni dhambi, wapendwa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno, na hakuna huduma bora waliyompa kuliko hiyo. Wangeishia hapo!

Nami niliwahi kuwekwa kando na ugonjwa wa mgongo, madhabahuni sipandi, kuketi kwenyewe shida. Wengi walikuja, wakaombea, wakaniuliza narudi lini. Mama mmoja wa kanisa alikuwa akija Jumamosi jioni, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, ananisomea zaburi moja kwa sauti yake ya kukwaruza, kisha ananisimulia habari za wajukuu. Kuhusu kurudi hakuniuliza hata siku moja. Zaburi ya 105 niliisikia kwake. Alipofika kwenye ile miguu alinyamaza, akaivuta shuka akaifunika ya kwangu, akaendelea kusoma.

Basi kama unaye mtu aliyewekwa kando namna hiyo, mtembelee kabla ya Jumapili. Usiende na unabii. Nenda na Biblia, na muda.

Viongozi wa vijana, nimeiona ratiba ya mwezi ujao. Yule binti wa kidato cha tatu amepangwa ibada zote mbili, kila Jumapili, na mkesha juu yake. Mpunguzieni, mumwachie walau Jumapili mbili aketi na mama yake kama washirika wengine. Jumatano baada ya maombi nitaomba kuiona ratiba mpya.