Hodi tatu, na mahali pa kusimama

Wapo wanaobisha hodi huku mkono wa pili umeshanyonga kitasa. Hiyo si hodi, ni taarifa kwamba nimeshaingia.

Anza na mahali pa kusimama: ubavuni mwa mlango, uso ukitazama njiani. Ukikaa katikati, mlango ukifunguliwa tu macho yako yameshafika sebuleni kabla ya wewe kukaribishwa. Mafundi wa nyumba za kale za Lamu walilijua hilo. Mgeni husubiri kwenye daka, kibaraza cha mbele ya mlango, na hata akivuka mlango hukutana na tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ambayo humzuia kuona moja kwa moja hadi kiwandani, yaani ua wa ndani. Nyumba zetu za leo hazina kinga hiyo, kwa hiyo kinga ni adabu ya anayebisha.

Hodi ni 3, basi. Ya kwanza ya kusikika, ya pili ya wenyeji kujitanda khanga na kujiweka sawa, ya tatu ya wao kuamua. Anayezifululiza zote kwa pumzi moja amebisha moja tu. Kimya baada ya ya tatu nacho ni jibu: ondoka, wala usizunguke dirishani. Na ukiulizwa "nani?", taja jina. "Mimi" ni kila mtu.

Panapoharibika zaidi ni nyumba za kupanga. Kwa joto, mlango wa chumba huachwa wazi na pazia likining'inia, jirani akadhani ameruhusiwa. Pazia ni mlango! Hodi ya barazani ni ya nyumba nzima. Ukifika chumbani hesabu inaanza upya, na pazia huligusi hata kama redio inasikika. Wenye mageti nao wana lao: simu ya "nipo getini" humnyima mwenyeji nafasi ya kusema leo haiwezekani. Hiyo ilitakiwa ipigwe kabla ya kupanda daladala.

Wa ndani nao hubisha. Surat an-Nur, aya ya 58, inataja nyakati 3 ambazo hata watoto huomba ruhusa: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Pwani, baba mwenye adabu hupiga hodi kwake mwenyewe, maana huenda mkewe ana wageni walioshavua mabuibui.

Ukikaribishwa ukaona wenyeji wanataka kuinuka kwa ajili yako, wawahi: "Starehe, starehe."